Kadi ya Kijani

Kazi yangu ni kugawa kadi mlangoni mwa hospitali. Nyekundu, unaingia kwa daktari moja kwa moja. Njano, unangoja kidogo. Kijani, unakaa benchi mpaka uitwe. Miaka kumi na mmoja nimejisifu kwamba simpendelei mtu. Sifa za bure.

Jumanne ile asubuhi alikuja dada yangu, fundi cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni na pini nne kwenye ukosi wa blauzi.

"Mdogo wangu, taya linaniuma. Nina kichefuchefu, na uchovu ambao hata siuelewi. Cherehani yenyewe imenishinda kukanyaga."

"Kifua je?"

"Kifua hakina neno. Mgongo ndio unanivuta."

Aliyemtangulia, muuza nyama, alikuwa ameshika kifua na kupiga kelele jengo zima. Huyo nilimpa nyekundu bila kuuliza mara mbili. Kwa dada nilisita. Benchi zima lilijua ni ndugu yangu, na macho yote yalikuwa kwangu.

"Dada, unaiinamia mno hiyo cherehani. Shika kijani, ukae."

"Haya, bwana mkubwa," akacheka. "Ukija kupunguziwa suruali, nami nitakupanga foleni."

Muuza nyama alikutwa na gesi tu. Alipotoka akijichekea, dada alikuwa ameegemea bega la jirani yake. Nilidhani amesinzia, nikafurahi kwamba amepata kupumzika. Mimi, nilifurahi!

Daktari alihangaika na dada karibu saa nzima, wapi, hakuamka tena. Alinieleza kwa upole, na heri angenifokea: moyo wa mwanamke ukishikwa, mara nyingi huja uchovu, taya, mgongo, kichefuchefu, na kifua kinaweza kisiume kabisa.

"Kwani hayo hayakuwemo kwenye orodha mpya ya dalili?" akauliza.

Yalikuwemo. Orodha mpya ilikuwa na wiki ya tatu ndani ya droo yangu. Ile ya ukutani iliandikwa kana kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume peke yao, nami niliikariri hivyo hivyo. Mpya sikuibandika, kisa na maana sina pini.

Muuguzi aliniletea nguo zake kwenye mfuko. Nikaitoa blauzi, nikaikumbatia nikalia, ukosi ukanichoma shavu.

Orodha sasa iko ukutani. Pini nne zimetosha, moja kila pembe.