Mvi za Changawa

"Usiniachie hata moja," Changawa alisema, kichwa amekiinamisha. "Za nyuma ya sikio ndizo zinazoonekana kwanza."

Ziro alichovya brashi katika bakuli la piko, akaipitisha utosini. Rangi ilikuwa nzito, yenye harufu kali, na mvi za kaka yake zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Kinyozi wa Mishomoroni hashtushwi na mvi. Wazee wengi wa mtaa huo walitembea na vichwa vyeusi vilivyotoka mikononi mwake, na chake mwenyewe kilikuwa kimepakwa vilevile. Lakini hao walipaka piko ili wapendeze kanisani, au wapate kazi ya ulinzi. Changawa alitaka piko ili asiuawe.

Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka nyumbani, upande wa Kaloleni, akiwa na mfuko mmoja. Ndani yake mlikuwa na shuka na Biblia. Ziro alipomuuliza mbona hakubeba hata shati la kubadilisha, alijibu kwamba aliondoka gizani, na giza halikumpa nafasi ya kuchagua.

Kisa chenyewe alikieleza kwa vipande, huku brashi ikienda na kurudi. Chrispine, mtoto wa marehemu ndugu yao, alikuwa na mwana mdogo aliyepewa jina la Changawa. Mtoto huyo alishikwa na homa, akatetemeka, akapoteza fahamu. Alipopelekwa hospitali, maneno yakabaki nyuma. Huko mangweni, kwenye vilabu vya pombe, vijana waliokunywa mnazi walisema kwamba mzee alikwisha kumaliza miaka yake zamani, na sasa, kwa uchawi, alikuwa akitumia miaka ya mtoto huyo, somo yake. Wakaapa kumuua. Ushahidi wao ulikuwa kichwani mwake. Nani mwingine katika ukoo ule aliwahi kuwa mweupe namna ile?

Swali hilo lilimchoma Ziro, kwa kuwa jibu lake lilikuwa la kweli. Hakuna. Baba yao alizikwa na nywele nyeusi. Babu yao vilevile. Ndugu yao wa kati, baba yake Chrispine, alikufa katika ile miaka mibaya ya ukimwi na malaria, ambapo Ziro alinyoa vichwa vya wafiwa wengi kuliko vya mabwana harusi.

Kisha mambo yakabadilika bila mtu kutangaza. Dawa zilifika katika zahanati. Vyandarua vilifungwa juu ya vitanda. Wateja ambao Ziro alidhani hatawaona tena walirudi kitini wakiwa wanene, wakilalamikia magoti. Zamani pakiti ya piko ilikauka rafuni kabla ya kwisha. Siku hizi aliagiza kwa katoni. Watu walikuwa wameanza kuzeeka. Huko nyumbani, hakuna aliyekuwa amefundishwa mzee anafananaje.

Alikuwa amemaliza upande wa kushoto wakati Milcah, muuza chapati wa kibanda cha pili, alipochungulia mlangoni, akamwita Ziro kwa jina la binti yake.

"Baba Faith, kuna kijana anamuulizia kinyozi anaitwa Ziro. Ametoka safari, amejaa vumbi. Nimwambie umeenda?"

Katika kioo, Ziro aliona uso wa kaka yake ukinywea. Kabla hajamjibu Milcah, Chrispine alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake, mrefu kuliko mlango.

Ziro alisogea, akasimama kati ya mlango na kiti. Silaha aliyokuwa nayo ni brashi, nayo ilikuwa ikidondosha piko juu ya kiatu chake.

"Shikamoo, baba mkubwa. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," Ziro alijibu. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu." Chrispine alivua kofia. "Mtoto ameamka."

Habari nyingine zilimtoka kwa haraka, bila mpango. Ilikuwa malaria, nayo ilikuwa imepanda kichwani. Madaktari walimtundikia maji na dawa. Usiku wa jana alifumbua macho, akaomba kunywa, kisha akamuulizia babu yake. Alfajiri Chrispine alikwenda kumchukua mzee nyumbani, akakuta kitanda kitupu, na hapo akaelewa kwamba amekimbilia kwa Ziro.

"Walipokuwa wakisema, nilinyamaza," alisema. "Mwanangu alikuwa hajitambui, baba. Nikaogopa, nikaona pengine wanajua. Leo asubuhi, kabla ya kuja, nimewaita wote mbele ya mchungaji. Nimewaambia anayetaka kukugusa aanze na mimi."

Feni ya darini iliendelea kuzunguka. Changawa aligeuka kitini polepole.

"Anakula?"

"Amekataa uji. Anasema wa hospitali hauna ladha, na kwamba wewe ndiye unayejua kumkorogea."

"Amewatukana wauguzi?"

"Mmoja."

"Basi huyo amepona," Changawa alisema, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia. Milcah alicheka kwanza. Ziro alijikuta akicheka pia, na alipojipangusa macho alijipaka piko shavuni.

Chrispine alisogea karibu, akakikagua kile kichwa, nusu nyeusi na nusu nyeupe.

"Lakini akikuona hivi atakukimbia."

Ziro alijaribu kwa taulo lenye maji. Piko ilikuwa imeshika. Alimweleza kaka yake kwamba akiosha atamwacha na madoadoa kama kanga wa porini, na kwamba kilichobaki ni wembe.

"Zikiota tena, zitaota nyeupe?" Changawa aliuliza.

"Zitaota nyeupe."

"Basi nyoa."

Ziro alikoroga povu, akalipaka taratibu, akaanza utosini. Wembe ulipofika nyuma ya sikio, kichwa kilimwelemea mkononi. Alidhani kaka yake ameinama ili kumsaidia. Kisha akasikia mkoromo.

Chrispine alipiga magoti mbele ya kiti, akakikinga kidevu cha mzee kwa viganja vyote viwili, kisije kikaanguka juu ya wembe. Mlangoni alitokea mteja, akafungua kinywa kusalimu. Milcah alimshika mkono, akamwonyesha benchi. Ziro alizima redio. Povu lilitiririka taratibu kutoka shavuni mwa Changawa, likaingia katika mkono wa shati la Chrispine, na Chrispine hakujitikisa.