Kocha Lyle na Misuli Asiyoiona

Tangu afanyiwe upasuaji wa tezi dume, Lyle Kowalchuk, kocha wa hoki mjini Thunder Bay, hakuweza kupiga chafya bila kulowesha suruali. Daktari alimtuma kwa Noreen, mtaalamu wa fiziotherapia, naye Lyle akaingia amekunja uso.

“Bana kama mtu anayezuia mkojo,” Noreen alimwambia. “Tumbo na makalio viache vitulie.”

“Na utajuaje kama nimebana, binti? Hapa naona nauziwa mbuzi kwenye gunia.”

Noreen hakubishana. Alimpaka jeli chini ya kitovu, akaweka kipimo cha ultrasaundi na kumgeuzia skrini. Lyle alipobana, mstari mweupe chini ya kibofu ulipanda. Akashuku kwamba ni video tu wanayoonyeshwa wazee wote. Basi akalegeza kimyakimya, huku amekaza taya kama mtu anayejitahidi.

Mstari ukashuka.

“Mbona umeacha, Kocha?” Noreen aliuliza.

Lyle alishikwa na kicheko, na kwa kucheka akalowa kidogo. Aliona aibu, lakini hakuondoka. Aliomba aonyeshwe tena.

Akawa anabana kila siku, hata akiwa kwenye foleni ya kahawa. Majira ya kuchipua yalipofika, alikohoa vibaya katikati ya mazoezi, mbele ya timu nzima, akabaki mkavu.

“Kwa hiyo sasa unaniamini?” Noreen alimuuliza aliporudi kliniki na kumsimulia.

“Bado,” Lyle alisema. “Suruali ya akiba ingali garini.”