Kupanda Kabla ya Mvua

Mimi si mtu wa kukaa bure, lakini Machi ile ya mwaka wa tisini na tisa nilizidi. Naosha sufuria iliyo safi, nafagia ua uliokwisha kufagiwa, kisha natoka kuangalia mawingu. Nayo yanapita tu kuelekea ziwani, kama watu wasio na salamu.

Daktari Angwenyi wa Homa Bay alikuwa ameniambia nina hepataitisi C. Huenda niliipata kwenye damu niliyoongezwa nilipomzaa Ken. Ini limeanza kuwa gumu, akasema, na Nairobi kuna nafasi ya matibabu: sindano tatu kila wiki, karibu mwaka mzima. Hakunificha kitu. Zinaleta homa, zinanyonyoa nywele, na wengi wanaodungwa hawaponi. Naweza pia kungoja dawa bora, ila hajui itakuja lini. Nafasi yenyewe nisipoichukua sasa, atapewa mwingine.

Ningeondoka kesho yake. Lakini mimi ni mikayi, mke wa kwanza, na kwetu Sindo mikayi asipopanda, hakuna jembe linaloingia shambani. Si la Risper mke mwenzangu, si la wake za wanangu. Boma zima lilikuwa linangoja mvua ndipo mimi nipande, na walitaka nami ningoje nao.

Mume wangu Boaz akanipa haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma tayari. Risper akanibembeleza ningoje mvua ya kwanza tu, maana nikienda kabla ya kupanda, watoto watakula nini? Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Niliogopa, jamani. Niliogopa sindano, niliogopa kungoja, niliogopa kurudi na kipara na ini lile lile.

Hofu ikanichosha. Jioni moja nikamwambia Boaz alale nyumbani kwangu, kama desturi inavyotaka, kwa sababu kesho napanda. Alidhani homa imenipanda kichwani, lakini alikuja.

Asubuhi nikachukua jembe na mbegu za mahindi. Udongo ulikuwa vumbi tupu, kila nikichimba linanirukia machoni. Majirani walisimama kwenye ua wakicheka, eti mama mzima anawapandia kanga chakula. Nilimaliza mistari yangu, nikafukia, nikamkabidhi Risper jembe. Alilipokea, akaanza kulia.

Boaz alinifuata hadi langoni, nikiwa tayari na mfuko wangu.

"Mama Ken, na mvua isiponyesha?"

"Mtapanda tena. Shamba nimeshalifungua, hamnihitaji. Ini ninalo moja."

Alinipokea mfuko, tukashuka barabarani.