Jina Lisilo na Vipimo

Bhoke Mwikwabe alikuwa mkunga, na kwa sababu hiyo mpaka wa Sirari haukuwa mpaka kwake. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike na njia ya kwenda Kenya ifungwe, watu wengine wakivuka walikamatwa, wakanyang'anywa walichobeba, wakalala ndani. Yeye alikatiza kwenye mashamba ya mahindi na kikapu chake cha wembe, uzi na vitambaa safi, na askari wa pande zote mbili walimtazama akipita. Wengi wao, wake zao walikuwa wamejifungulia mikononi mwake. Dada yake, Robi, aliolewa huko ng'ambo, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ukoo wao ulikuwa umetapakaa huku na huko tangu zamani bila kuuliza bendera ni ya nani.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1978, vita ya Kagera ikiwa imepamba moto, alijiwa na mgeni mchana akiwa anaanika ulezi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mtu wa pwani kwa usemi wake, amevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi. Alimwamkia shikamoo, akajitambulisha kuwa anaitwa Maftah, afisa wa kilimo. Alipokwisha kunywa uji aliokaribishwa akasema yeye si mtu wa kilimo. Alikuwa mtu wa usalama, na kazi hiyo aliisomea Uchina, miezi tisa. Maadui walikuwa wakipita Kenya na kuingia Mara kupeleleza barabara na magari ya jeshi. Mkunga anaingia kila nyumba. Je, mama angekubali kuwa sikio la nchi yake?

Bhoke hakuhitaji kubembelezwa. Mdogo wake wa mwisho, Wangwe, alikuwa ameshaacha jembe huko kwao Kerende na kujiunga na mgambo, na kila redio ilipofunguliwa yeye alisimama kusikiliza. Nchi ilikuwa imevamiwa, watu walikuwa wameuawa. Akakubali.

Na kazi aliifanya. Mwezi wa kumi na mbili alikwenda kuzalisha Isebania, akaona nyuma ya duka moja wapangaji wawili ambao hakuna aliyewajua kwao. Mmoja alivaa suruali ya kiraia juu ya buti za kijeshi, na wote wawili waliuliza uliza habari za malori yanayotoka Musoma. Alimweleza Maftah alivyowaona, kimo na sura. Baada ya wiki moja wapangaji wale hawakuwepo tena. Maftah alimletea mche mzima wa sabuni, kitu ambacho siku zile kilikuwa adimu kuliko nyama, na Bhoke aliutumia kuogesha watoto kumi na wawili.

Mambo yaliharibika mwezi wa kwanza. Mgambo wa Tarime walisafirishwa kwa lori kwenda vitani, na siku tatu baadaye redio ya adui ikatangaza idadi yao na siku waliyovuka kivuko cha Kirumi. Safari hii Maftah hakutoa shikamoo. Alisimama mlangoni akasema kuna mtu anauza watu, na mtu huyo yuko Sirari.

Akamtaja. Alikuwa Shaaban, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeshona sare za mgambo, na anayejua idadi ya sare anajua idadi ya watu. Tena mkewe, Sabaha, alizaliwa Bombo, Uganda; Shaaban alimwoa huko nyuma alipokuwa akishona Kisumu. Sabaha alikuwa na mimba ya miezi minane, na Bhoke ndiye mkunga wake. Kwa hiyo, alisema Maftah, mlango uko wazi. Aingie, apime mimba, na akiwa mle ndani afunue magodoro.

Bhoke alimwuliza kama ana hakika. Maftah akajibu kwamba hakika ataileta Bhoke mwenyewe.

Maftah aliondoka, akamwacha Bhoke akiwaza. Kumtazama mgeni mwenye buti ni jambo moja. Sabaha alikuwa mwanamke aliyemfulia nguo zake alipougua malaria, aliyekuwa akilala chali mbele yake na kumwambia mambo ambayo hata mumewe hakuambiwa. Hata hivyo Wangwe alikuwa kwenye lile lori, na kama kweli kulikuwa na mtu aliyemuuza, Bhoke alitaka kumjua mtu huyo kuliko Maftah alivyotaka. Alikwenda.

Nyumba ya Shaaban ilikuwa ya tatu katika mstari wa kwanza, mistari ile iliyopangwa watu walipohamishiwa vijijini. Sabaha alikuwa ameketi nje anachambua mchele. Bhoke aliomba maji ya kunawa, akaingia, na aibu ikamshika mpaka masikio yakamwaka moto. Alifunua godoro. Kulikuwa na barua moja, ya mama yake Sabaha, ya mwaka uliopita, inayouliza kama binti yake ameshaacha kutapika. Akairudisha mahali pake.

Kisha akaona kitabu juu ya cherehani. Lilikuwa daftari la shule ambalo Shaaban aliandikia vipimo vya wateja: mabega, kiuno, urefu wa mkono. Alilifungua kutafuta hesabu ya sare. Majina yalishuka ukurasa mzima, kila moja na tarakimu zake. Karibu na mwisho alikuta jina lake mwenyewe. Mbele yake hapakuwa na bega wala kiuno. Palikuwa na siku tu. Jumatatu amevuka. Jumatano amerudi. Alhamisi amevuka, kikapu kizito. Ukurasa uliofuata ulianza tena na Bhoke, na uliofuata tena.

Alilifunga daftari, akatoka, akapapasa tumbo la Sabaha kama kawaida, akamwambia mtoto amekaa vizuri. Njiani alikuwa na hasira ambayo haikujua pa kwenda.

Wiki mbili alikaa na jambo hilo. Alimwaza Shaaban kila namna. Labda ndiye muuzaji kweli, na anatafuta mtu wa kumsukumizia kosa. Akipita dukani Shaaban alimwamkia kwa heshima, naye aliitikia, na kila mmoja alimtazama mwenzake mgongoni. Hata watoto wachanga aliowapokea siku zile aliwapokea akili ikiwa kwingine.

Uchungu ulimshika Sabaha asubuhi ya Ijumaa. Ulikuwa uzazi mgumu. Mtoto alikuwa amegeuka. Hadi saa saba mchana Bhoke alikuwa amelowa jasho, na alipotoka nje kuchukua maji ya moto alimkuta Shaaban ukutani, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, midomo inamtetemeka kwa dua. Bhoke aliweka sufuria chini.

"Shaaban, hujanishonea gauni hata siku moja," alisema. "Mbona jina langu limo kwenye daftari lako?"

Yule fundi alifumba macho. Hakukana. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alifuatwa na Maftah tangu mwezi wa kumi na mbili, akaambiwa mkunga ana dada Kenya na shemeji mwenye jamaa serikalini huko, na kwamba asipomfuatilia, Sabaha atarudishwa alikozaliwa, vita au si vita. Kila alichoandika ni kwenda na kurudi tu, kwa sababu hakuona kingine.

Ndipo Bhoke alipoelewa. Tangu mwezi wa kumi na mbili. Yaani siku zile zile alipoletewa sabuni. Hakuwahi kuaminiwa hata siku moja. Naye akasema lake, lote, hata la godoro. Lilimtoka kwa shida kuliko lolote alilowahi kusema, na Shaaban alipolisikia aligeuza uso.

"Sasa hivi mkeo ananihitaji," Bhoke alisema. "Lakini sikia. Mimi nitamwambia Maftah nilichokiona, basi. Sitaongeza hata neno. Na wewe?"

Shaaban alisema na yeye vivyo hivyo. Hawakupeana mikono. Mtoto alizaliwa saa tisa, wa kike, akitanguliza miguu, na alikaa kimya kwa muda ambao Bhoke alihisi ni mwaka, ndipo akalia.

Jumatatu Landrover ilimfuata Bhoke, ikampeleka Tarime. Katika chumba chenye dirisha moja alikuwepo Maftah, na pembeni mkubwa wake kutoka Musoma, mtu mzima mwenye miwani ambaye hakutaja jina. Maftah alikuwa ameshaandaa karatasi. Ilisema mkunga ameona kwa Sabaha barua za siri kutoka Uganda. Kidau cha wino kilikuwa tayari kwa ajili ya dole gumba lake.

Bhoke alisema barua aliyoiona ni moja, ya mama kwa mwanawe, na siri yake ilikuwa kutapika.

Maftah alitabasamu kidogo. Alitoa karatasi nyingine, akaiinua juu ili Bhoke aone sahihi ya Shaaban. Alisema fundi ameshakiri kila kitu asubuhi ile, na amemtaja yeye, Bhoke, kuwa ndiye anayepeleka habari kwa dada yake. Akitaka kujiokoa, aweke dole.

Kwa kitambo Bhoke alimsadiki. Akamkumbuka Shaaban pale ukutani na midomo yake, akajiuliza mjinga ni nani. Kisha akanyoosha mkono akaomba aishike ile karatasi. Maftah alimpa bila wasiwasi. Hakujua, maana hakuwahi kuuliza, kwamba Bhoke alimaliza kisomo cha watu wazima miaka mitatu nyuma, na alikuwa wa pili katika kituo chao.

Alisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari. Mimi Shaaban, fundi cherehani, nimemfuatilia mkunga kama nilivyoagizwa. Anakwenda kuzalisha na anarudi. Sijaona jambo jingine. Nimeambiwa niandike zaidi ya hapo nami siwezi.

Yule mkubwa alivua miwani. Maftah alikuwa amenyoosha mkono kuidai karatasi yake, lakini Bhoke hakuirudisha.

"Mnamtafuta aliyesema mgambo wanaondoka lini," alisema. "Mlitupanga barabarani wenyewe tuwaage. Watoto wa shule waliimba, ngoma zilipigwa, na mwenyekiti alisoma majina yao yote kwa kipaza sauti. Siku ya soko! Nusu ya watu waliosimama pale walipenya mashambani kutoka Kenya, maana vijana wale wana mama zao wadogo huko. Mdogo wangu alikuwa juu ya lori lile. Mimi habari za yule mwenye buti na mwenzake niliwaletea kwa hiari yangu, na leo ningewaletea tena. Lakini sitaandika uongo juu ya mwanamke niliyemshika mkono akizaa. Kalamu hiyo mpeni mtu mwingine."

Maftah aliita askari, akasema mama huyu ana kiburi na kiburi kina dawa yake. Mkubwa hakumzuia. Bhoke aliwekwa mahabusu, na Shaaban, aligundua baadaye, alikuwa chumba cha tatu kutoka chake.

Alikaa siku kumi na moja. Kila siku Maftah alileta karatasi ile ile ya barua za siri, na kila siku Bhoke aliisoma yote kwa sauti, kuanzia tarehe, halafu akairudisha ikiwa nyeupe pale chini. Siku ya saba Maftah aliacha kuja, akawa anamtuma askari. Askari naye alizoea. Alimletea karatasi pamoja na uji, akasubiri isomwe, akaondoka na karatasi na bakuli tupu.

Siku ya kumi na moja asubuhi kulisikika kelele nje. Wanawake wa Sirari walikuwa wamepanda lori la mkaa wakaja, kumi na wanne, watano kati yao wajawazito, wakaketi kwenye ngazi za ofisi. Mbele yao alikuwa Sabaha na mtoto mgongoni. Hakuwa ametimiza arobaini, na kwa mila zao hakupaswa kutoka hata uani. Tena yeye ndiye aliyekuwa akisakwa. Alipoulizwa na karani wa mlangoni wanataka nini, alitaja jina lake kamili na mahali alipozaliwa, Bombo, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, akasema wamemfuata mkunga wao, na kama hatoki basi hawa watano watazalia hapo kwenye ngazi na karani ashike wembe.

Saa nane mchana Bhoke na Shaaban waliachiliwa. Hakuna aliyewaomba radhi.

Si kila mtu alifurahi. Mtu aliyewahi kuchukuliwa na Landrover hurudi na harufu yake, na wako waliohama upande wa njia walipomwona Bhoke. Mke wa Wangwe, aliyekuwa na mimba, alimwita mkunga mwingine kutoka kijiji cha pili. Hilo lilimkata Bhoke maini, lakini hakwenda kujieleza kwa mtu.

Maftah alihamishwa kabla ya masika kwisha. Mwezi wa nne Kampala ilianguka, na katika shamrashamra hizo akaja mtu mpya, mpole, akimwomba Bhoke aendelee kuwasaidia. Bhoke alimjibu kwamba akiona adui wa nchi atakuja mwenyewe ofisini, mchana, kwa miguu yake. Ila asipewe jirani wa kumchunguza.

Wiki hiyo hiyo Robi alituma ujumbe kuwa siku zake zimefika. Bhoke alichukua kikapu. Kwenye njia panda ya mashamba alisimama, akaangalia mahindi yaliyokuwa yamefika kiunoni, halafu akashika barabara kuu, katikati kabisa, mpaka kwenye kizuizi. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mgeni. Alimwambia mpaka umefungwa, mama, arudi alikotoka.

"Najua umefungwa, mura," Bhoke alisema, akimwita kijana kwa lugha ya kwao. "Jina langu ni Bhoke Mwikwabe. Kama una daftari, andika: Jumanne amevuka."

Akainama, akapita chini ya mti wa kizuizi, akainuka upande wa pili. Nyuma yake alisikia askari akiuliza kitu, na mwenzake mzee akimjibu amwache. Hakugeuka kuangalia. Alikaza mwendo, kwa sababu mimba za Robi hazikuwa na desturi ya kungoja.