Machozi ya Dakika Ishirini

Jumapili ya mwisho ya Novemba, saa nane mchana, Mama Afafu alikuwa jikoni kwake Shubra, Kairo, akikunja wali ndani ya majani ya kabichi, mwanawe Shadi aliporudi kutoka uwanjani. Alikuwa amekaa huko siku tano na waandamanaji wenzake. Alinawa mikono, akaketi, akaanza kueleza yaliyotokea kwenye mtaa unaokwenda wizarani. Alipolitaja jina la rafiki yake Loai, moshi mweupe, mwembamba, ulimtoka katikati ya meno, na mama yake akaanza kububujikwa na machozi.

"Nenda kaoge kwanza," Mama Afafu alisema. "Utaniharibia kabichi."

Shadi alioga mara tatu. Alijipaka siki, akajimwagia soda nyeusi usoni, dawa ambazo kila kijana wa uwanjani alizijua, na shati lake likatundikwa roshani siku mbili. Haikusaidia. Baada ya wiki moja familia ilikuwa imeshaelewa mambo yalivyo. Shadi akiomba chumvi, hakuna kitu. Akisimulia habari za mtaa ule, moshi unatoka, na kila anayemsikiliza analia. Wakakubaliana kwamba habari za mtaa zisimuliwe roshani.

Ami yake Mahrusi alikuja kila Ijumaa kubishana. Yeye alikuwa ameambiwa na televisheni kwamba hakuna aliyefyatua kitu mtaani, na kwamba vijana walinunuliwa kwa kuku wa kukaanga. Alibishana saa nzima, machozi yakimchuruzika kwenye masharubu, na aliondoka na msimamo wake uleule. "Hakuna moshi wowote," alisema, huku akipapasa ukuta kuutafuta mlango.

Bibi Saniya wa ghorofa ya chini alikuja Alhamisi. Tangu mumewe afariki, miaka sita nyuma, alikuwa hajaweza kulia. Alipanda ngazi na sahani ya keki ya basbusa, akamwomba Shadi amsimulie kidogo tu, asimalize yote.

Loai mwenyewe alikuwa fundi wa miwani, mcheshi, aliyependa kumtania Shadi kwamba anawakimbia askari kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha maji motoni. Siku ya nne alimbeba majeruhi mmoja hadi kwenye ngazi za jengo la jirani. Kopo la bomu la machozi likaingia nyuma yao, na mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Majeruhi alipona. Loai alikosa pumzi, akafa kabla ya kufikishwa hospitali, na cheti cha kifo kikaandikwa: kushuka kwa ghafla kwa mzunguko wa damu.

Mama Loai, mwalimu wa hesabu, alikipeleka cheti kile ofisi ya afya na kuomba kirekebishwe. Karani alimjibu kwa adabu kwamba hilo linawezekana, akileta karatasi ya kitaalamu inayoeleza kilichokuwa ndani ya kopo na madhara yake. Kopo lilikuwa kwa Shadi. Ubavuni lilikuwa na jina la mji: Almervik.

Ilipofika Machi, Shadi alialikwa kwenye mkutano wa vijana katika nchi ya kaskazini, kuzungumza juu ya matumaini. Aliitazama ramani, akaona Almervik iko humohumo nchini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Akakubali kuzungumza juu ya matumaini.

Mama Loai alikwenda kumuaga. Alimsikiliza Shadi akipanga atakavyowasimulia wazungu mambo yote tangu mwanzo, kisha akamshika mkono.

"Usihangaike kuwaliza, mwanangu," alisema. "Wafanye waandike."

Mkutanoni Shadi alipewa dakika kumi na tano. Ilipofika ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unalia. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakakumbatiana na majirani ambao kwa kawaida huwasalimia kwa kidevu. Alikuwa bado hajafika hata kwenye sehemu ya Loai. Bibi Solveig, mama wa makamo aliyeandaa mkutano, alimwambia kwamba yeye mara ya mwisho alilia mwaka themanini na sita, akampangia vikao vingine vitatu. Gazeti liliandika kwamba kijana kutoka Misri ana kipaji. Shadi aliwaeleza kwamba ni moshi. Wakasema ndiyo, wanaelewa, ni moshi.

Baada ya kikao cha tatu Bibi Solveig alimpeleka Almervik kwa gari lake. Ulikuwa mji mdogo, safi, ambako magari husimama bata wavuke. Kiwanda kilikuwa kimepakwa rangi ya njano kwa sababu kilipakana na shule ya chekechea. Meneja, Bwana Torkel, aliwapokea mlangoni akiwa amevaa sweta aliyofumiwa na mkewe, akawakaribisha kahawa na mikate ya mdalasini.

Shadi aliliweka kopo mezani. Bwana Torkel aliligeuza taratibu, kama mtu aliyeletewa mtoto wa ndugu yake aliyepotea.

"Hili ni letu kabisa," alisema. "Na maandishi yamedumu vizuri."

Shadi akaanza kueleza. Moshi ulipofika kwenye taa, kengele ya moto ikalia, na wafanyakazi wote sitini na wanane wakatoka kwenda kusimama chini ya bendera, kama sheria inavyotaka. Bwana Torkel alimwomba Shadi aendelee hukohuko nje, ili wasimpotezee muda mgeni. Akaendelea. Aliwaeleza juu ya ngazi, juu ya mlango wa juu, na jinsi Loai alivyokuwa akigonga, halafu akaacha. Wafanyakazi walilia wakiwa wamejipanga kwa idara. Mwanamke wa idara ya vifuniko aliuliza kama mlango ule ulifungwa kwa nje. Shadi akasema ndiyo. Mwanamke akatikisa kichwa, akasema mlango wa namna hiyo usingepita ukaguzi.

Kisha Shadi akaomba karatasi.

Bwana Torkel aliipiga chapa mwenyewe, akisimama mara kwa mara kupangusa miwani. Iliandikwa kwamba bidhaa hii, ikitumiwa mahali pa wazi, kwa umbali unaofaa, kwa watu wazima wenye afya, husababisha machozi yasiyozidi dakika ishirini.

"Lakini wewe unalia dakika ya arobaini sasa," Shadi alisema. "Andika hilo."

"Naliona," alisema Bwana Torkel, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Lakini mimi si maabara, rafiki yangu."

Akagonga mhuri. Akamfungia Shadi mikate sita ya mdalasini kwa ajili ya safari, na akatoa mkono. Wafanyakazi walirudi ndani, maana mchana ule kulikuwa na shehena ya kupakia. Kabla Shadi hajaondoka mjini, baraza la mji lilimletea barua ya heshima hotelini, likimkumbusha kwamba bata huatamia mwezi huo, na kwamba masimulizi ya hadharani huombewa kibali siku kumi na nne kabla.

Huko Kairo, karani wa ofisi ya afya aliisoma karatasi ya Bwana Torkel mara mbili.

"Hapa hawakusema inaua," alisema. "Wamesema itumiwe mahali pa wazi. Marehemu alikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi," Mama Loai alijibu.

"Basi hamuoni? Hakufuata maelekezo."

Shadi akafungua kinywa kumweleza. Moshi ukatoka, na karani akafungua mtoto wa meza, akavaa miwani ya kuogelea. Alikuwa ameizoea hali hiyo. Kwenye benchi nyuma yao walikuwa wameketi watu kumi na mmoja wengine wenye shida hiyohiyo, vijana wa mtaa uleule, kila mmoja na mzazi wa mwenzake aliyekufa, na ofisi ilikuwa imeshawatengea Jumatano, siku ambayo madirisha yalifunguliwa.

Shadi alisimulia yote mpaka mwisho. Karani alimsikiliza, kwani hakuwa mtu mbaya, na miwani ilipojaa machozi aliivua, akaimwaga kwenye chungu cha ua, akaivaa tena. Kisha akamwambia Mama Loai kwamba linalowezekana kisheria ni kumpa nakala mpya ya cheti, safi, yenye tarehe ya leo.

Mama Loai aliipokea. Akaisoma palepale kaunta, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akaweka alama ya kosa pembeni mwa sentensi ile. Chini yake akaandika neno moja: rudia. Akamrudishia.

Karani aliitazama, akaitoboa, akaiweka kwenye jalada juu ya zile nyingine.

"Jumatano, Hajati," alisema.

"Jumatano, mwanangu," Mama Loai alisema, akamshika Shadi mkono, wakampisha anayefuata.