Mlango wa Nyuma wa Kliniki ya Mulgarra

Ripoti ya watu wa mjini ilikuwa na kurasa themanini, na zote zilisema jambo moja: watu wa Mulgarra, kijiji cha wenyeji wa asili katika jangwa la Australia, hukosa sindano kwa sababu wanasahau. Noreen aliisoma mpaka mwisho, akaifunga, akasonya. Watu wanaojua kisima cha babu wa babu yao kilipo katikati ya jangwa, eti wanasahau Jumanne ya sindano!

Sindano yenyewe si ya mchezo. Koo la mtoto likiuma na kupuuzwa, homa yake huteremka mpaka moyoni, na aliyekwisha kuguswa huchomwa penisilini kila baada ya wiki nne, miaka nenda miaka rudi. Asipochomwa, moyo huchakaa kabla hajaota mvi. Noreen alikuwa amezika dada na mpwa kwa ugonjwa huo. Ndiyo maana alisimama mbele ya bodi ya kliniki, ambayo wajumbe wake wote ni wenyeji, akaomba: safari hii tuulize wenyewe, na majibu yasomwe hapa kwanza kabla hayajapelekwa kokote. Bodi ikampa kazi.

Yeye na binamu yake Doreen walizunguka nyumba sitini. Walikunywa chai, wakasikiliza habari za mpira, wakachomoa miba kwenye miguu ya mbwa, na hatimaye, mwenye nyumba akipenda, alisema. Karatasi hazikuwa na majina, namba tu.

Siku ya kuzipanga, barazani kwa Noreen, walikuwa wanakula mkia wa kangaruu uliochomwa kwenye majivu. Aliyeuleta ni mume wa Janelle, binti wa Noreen. Aliuleta kila wiki, akampa mkewe aufikishe, kwa maana kwao mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani, hawasemeshani, na jina la mmoja halipiti kinywani mwa mwenzake. Kwa miaka minne Noreen alimjua kijana yule kwa nyama yake na kwa mlio wa Toyota yake iliyotoboka ekzosi. Alimpenda sana.

"Arobaini na moja," Doreen alisoma. "Moyo umeshaanza kuharibika. Mwaka jana kakosa sindano saba kati ya kumi na tatu. Sababu: 'Kuna mtu pale.'"

"Tena? Wamefika wangapi?"

"Ishirini na wawili. Wote hivyo hivyo, kuna mtu pale."

"Mtu gani huyo, anauma?" Noreen alicheka.

Doreen hakucheka. Alikodolea macho kikombe chake.

"Dada, nyumba ile nilikwenda peke yangu kwa sababu wewe huwezi kuingia, unakumbuka? Kliniki ina mlango mmoja na chumba kimoja cha kungojea. Na tangu mwaka jana, kila Jumanne, nani anakaa na meza yake pale mlangoni akiandikisha watu?"

Noreen aliiweka nyama chini. Ni yeye mwenyewe. Ni Jumanne ngapi alisikia ekzosi ile inakuja, inapunguza mwendo, kisha inakwenda zake? Yeye aligeuza uso kuelekea ukutani kwa heshima, akaendelea kuandika. Adabu ile ikifuatwa vizuri haionekani, na asiyekuja huwezi kumwona kwamba hakuja. Alikuwa amemzibia mkwewe njia kwa mwili wake mwenyewe, huku anakula nyama yake. Alilia bila kujificha.

"Naacha kazi ya mlangoni," alisema.

"Uache, halafu? Wale ishirini na mmoja utawaondolea nani? Na Stan je, ambaye mama mkwe wake anasafishwa damu pale pale? Kula mkia, dada. Angekuwa anakuchukia angekuletea kuku wa dukani."

Jumamosi majibu yalisomwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Wakwe walikaa kama kawaida, wengine wakiwapa wengine mgongo. Noreen alisimama.

"Hakuna aliyesahau," alisema. "Tunaheshimiana mpaka tunakufa. Na mmoja wa waliofunga njia ni mimi."

Kisha Bibi Ivy, mwenyekiti wa bodi, akapiga goti lake kwa kofi. "Basi si mtoboe ukuta!"

Meneja wa kliniki, mgeni kutoka pwani, alikohoa. "Inabidi tuandike maombi, bibi. Pengine mwakani..."

"Mwanangu, ripoti yenu ilituita wasahaulifu. Wewe umeajiriwa na bodi, usije ukasahau na wewe."

Uwanja mzima uliangua kicheko, hata waliopeana migongo. Ndani ya wiki tatu mafundi wa pale pale walikuwa wamekata ukuta wa nyuma, wakapachika mlango wa shule ya zamani, wenye michoro ya watoto bado, wakaweka na benchi kivulini.

Jumanne ya kwanza Noreen alikaa kwenye meza yake ya mbele, kalamu mkononi, asiandike lolote. Saa nne akaisikia ekzosi. Ilikuja, ikapunguza mwendo. Noreen akageuza uso. Hakupumua. Toyota ikapita mlango wa mbele, ikazunguka nyuma, injini ikazimwa.

Alisikia bawaba za mlango wa shule. Alimsikia nesi akisema, "Haya Clifton, tulia," na Noreen, jina lile lilipotajwa, akaziba masikio haraka kama mtoto. Alipoyazibua, alimsikia mwanamume mzima akipiga yowe.

Alitafuta mstari wa arobaini na moja kwenye orodha yake ya namba, akatia alama. Aliitia kubwa hata ikatoka nje ya kisanduku.

Baadaye Janelle aliingia kwa mlango wa mbele, tumbo lake la miezi saba likimtangulia, amejizuia kucheka.

"Mama, mwenzangu kanituma. Anasema amechomwa kalioni, hawezi kukaa kwenye usukani, kwa hiyo wiki hii hakuna kuwinda. Anaomba radhi, mkia utachelewa."

Noreen alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke.

"Mwambie uchelewe," alisema. "Uchelewe kila baada ya wiki nne, mpaka awe mzee."