Mshono Chini ya Kiti

Velichka na mumewe Dobri walifika gerejini kwangu, nje kidogo ya mji wa Sevlievo, Jumatatu moja ya Mei. Walikuja na gari-nyumba lao la zamani na maboksi matatu ambayo Dobri hakutaka mtu mwingine ayaguse.

"Fundi Biser, ukikwaruza hata moja, nami nakukwaruza wewe," aliniambia. "Miezi minne tumeyasubiri."

Boksi la kwanza lilikuwa na turubai la kivuli kutoka Italia, lile linalojikunja ubavuni mwa gari. La pili lilikuwa na feni ya paa. La tatu lilikuwa na bamba la chuma kutoka Ujerumani, linalofungwa chini ya kiti cha abiria ili kiti kigeuke na kutazama nyuma, kwenye meza.

"Hilo ndilo langu," Velichka alisema. "Nimechoka kula huku namwangalia kisogo."

Alikuwa amefanya kazi ya kuongoza treni kituoni kwa miaka thelathini. Mumewe alikuwa mwendesha kreni. Gari walilinunua vuli iliyopita kwa mtu aliyelinunua kwa mtu mwingine, naye hivyo hivyo. Bodi ilikuwa safi, injini tulivu. Ukaguzi lilipita.

Turubai lilikaa vizuri. Dobri alilikunjua na kulikunja mara sita kama mtu aliyepewa redio mpya. Velichka akaweka banitsa, mkate wetu wa jibini, juu ya meza yangu ya kazi, akanilazimisha kula vipande viwili. Kisha nikaingia ndani kufungua kiti.

Bolti tatu zilitoka. Ya nne ilizunguka bure, kama iliyofungwa kwenye jibini. Nikadhani nati ya chini imeachia, basi nikavuta zulia la mpira nitazame. Chini yake kulikuwa na lami nyeusi, nene kuliko kiwanda chochote kinavyopaka. Nikaikwangua kwa patasi. Ikatokea puti ya kuzibia mashimo. Nikakwangua puti.

Ikatokea rangi ya buluu, na juu yake nusu ya mshale mweupe.

Mikono yangu ilitambua kabla ya kichwa. Kilikuwa kipande cha kibao cha barabarani. Nilikikata mimi mwenyewe, miaka ishirini nyuma, nikiwa na miaka ishirini na minne, kwenye karakana ya bwana mmoja aliyeitwa Spas, ambaye sasa ni marehemu. Spas alikuwa akinunua magari yaliyogongwa nje ya nchi. Hili lilikuja likiwa limepondeka mbele, jingine likiwa limepondeka nyuma. Tulikata yote mawili, tukaunganisha nusu nzima na nusu nzima. Bati lilipotuishia, nilikwenda nyuma ya karakana nikachukua kibao cha zamani kilichotupwa pale, nikakata kipande, kilichobaki nikakiweka akiba.

Nilibaki nimepiga magoti. Nikachukua bisibisi, nikaugusa mshono. Sikuusukuma, niliugusa tu. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, na nilipoichomoa niliona sakafu ya gereji kupitia tundu.

"Umekufa humo?" Dobri aliita. "Au bamba halienei?"

"Mzee, njoo. Na mama pia aje."

Nikawaonyesha. Dobri alitazama tundu, akanitazama mimi, akatazama tundu tena. "Kutu," alisema. "Gari la zamani lina kutu. Chomelea, weka bamba, twende."

"Si kutu tu. Haya ni magari mawili. Yameungwa hapa, toka huku hadi huku, na paani pia. Mshono umekwisha. Limeshikwa na lami na zulia."

"Nani kakwambia?"

Ningeweza kusema macho yangu yameniambia. Hakuna ambaye angejua.

"Niliuchomelea mimi," nikasema.

Dobri alicheka kicheko kifupi, kisha akaona uso wangu. Velichka alirudi nyuma hatua moja, akatafuta pa kukaa bila kuangalia, akakalia tairi.

"Juzi tuliteremka mlima wa Shipka," alisema. "Na mvua. Yoana alikuwa amelala nyuma." Yoana ni mjukuu wao, ana miaka mitano. "Dobri, ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Wa kawaida."

"Mwendo gani?"

"Tisini."

Velichka alifunika mdomo kwa mikono miwili. Nilisikia pumzi yake ikipita kati ya vidole. Dobri alinishika kola, akanitikisa. Yeye ni mtu mkubwa, sikujitetea. "Ulijua watu watapanda? Wewe mnyama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mwache," Velichka alisema. "Mwache, Dobri. Alikate."

"Nini?"

"Alikate hili gari vipande sasa hivi, mbele yangu. Tukiliacha mlangoni kesho utaniambia tulitengeneze, tuliuze. Nakujua. Miaka thelathini sijaruhusu treni ipite nisipokuwa na hakika na reli."

Tulitoa magodoro, sufuria, vitabu vya picha vya mtoto. Nikafungua turubai nililolifunga asubuhi. Kisha nikawasha grenda ya kukatia chuma. Nilitegemea kazi ya siku mbili. Kabla ya saa nane mchana paa lilipasuka kwa mlio kama wa ubao, nyuma ikashuka shubiri moja, na tukaona mwanga wa jua umekatisha katikati ya gari. Dobri alivua kofia.

Hawakuniaga. Mpwa wao alikuja kuwachukua na vitu vyao.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilikwenda polisi wa barabarani nikaeleza yote, nikasaini. Spas na mimi tuliunga magari manne ninayoyakumbuka, la Velichka likiwamo. Moja lilikuwa limeshauzwa kama chuma chakavu. La pili halikujulikana lilipo. La tatu lilikuwa mjini Lovech, na ofisa akanipa simu niongee mwenyewe, kwa sababu mwanamke aliyepokea hakumwelewa.

"Mama, lile gari jeupe, nani analo?"

"Mwanangu. Ametoka sasa hivi, anakwenda mjini Ruse na wachezaji wake. Kwani nini?"

Sikumbuki nilimwambiaje. Nakumbuka alivyopiga ukelele, na simu ikakatika. Tulikaa dakika arobaini, ofisa, mimi na mwenzake, hakuna aliyewasha hata sigara. Kisha simu ikalia. Walikuwa wamesimama kwenye kituo cha mafuta, vijana saba wa mpira wa wavu na kocha wao, wote nje ya gari, wamesimama kwenye majani. Kocha alikuwa ameinua zulia kama mama yake alivyomwagiza.

"Kuna kibao cha barabarani humu chini," alisema. "Kwa nini kuna kibao cha barabarani?"